Wauza matangi ya samaki wa Mjini Unguja, mnatuuzia filta za kanista, samaki wa bahari wanakufa, kisha mnatuuzia wengine!

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Nimevumilia vya kutosha. Kuna duka la samaki wa mapambo hapa Mjini, jina silitaji, mwenyewe akisoma atajijua. Mdogo wangu anaishi Chake Chake, Pemba, alivuka kuja kununua tangi la samaki wa baharini, la lita 120. Siku moja hiyo hiyo akauziwa tangi, filta ya kanista (kopo lenye pampu na sponji la kusafisha maji), mchanga na samaki: kitatange wawili, kangaja mmoja, na wale wadogo wa rangi ya machungwa wanaokaa kwenye anemoni, yule kiumbe wa baharini anayefanana na ua. Maelezo aliyopewa ni haya: "Maji ya bahari mnayo tele huko kwenu. Jaza, chomeka umeme, tia samaki. Kanista itamaliza kazi yote."

Haimalizi! Na mtu anayekula kwa kuuza samaki hawezi kuniambia hajui.

Samaki akipumua anatoa amonia, ambayo ni sumu, kwenye mashavu yake (matamvua), na chakula kinachobaki kikioza kinatoa amonia pia. Wanaoiondoa ni bakteria. Kundi moja linaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jengine linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaistahamili ikiwa si nyingi. Bakteria hao hawamo ndani ya kanista iliyotoka kwenye boksi asubuhi. Wanaota polepole kwenye mawe, mchanga na sponji, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, ndipo tangi linakuwa tayari kupokea samaki mmoja mmoja. Na kwa maji ya bahari hatari ni kubwa zaidi kuliko maji matamu. pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya bahari ni kama 8.2, na kwa pH hiyo, katika joto letu hili, sehemu ya amonia inayoua ni zaidi ya mara kumi ya ile inayokuwapo kwenye pH 7. Anayefuga samaki wa maji matamu anaweza kukosea akasalimika. Huku hakuna msamaha.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Umeme ukakatika usiku, ukarudi alfajiri. Kanista ni kopo lililofungwa kabisa; pampu ikisimama maji ya ndani hayaendi popote, bakteria wachache waliokwishaota wanamaliza oksijeni iliyomo na kuanza kufa, uchafu unaoza humo humo. Umeme uliporudi, kanista ikawaka yenyewe na kuumwaga uozo wote ndani ya tangi. Nilivuka kwenda kuangalia. Nilipofungua kile kifuniko, harufu ya mayai viza ilijaa chumba kizima, na sponji ilikuwa nyeusi ina utelezi. Kangaja alikuwa juu ya maji, mdomo wazi, mashavu yanapiga mbio, ngozi imeota utando mweupe. Hakufika adhuhuri. Wengine walikuwa wamekwishakufa.

Tukampigia muuzaji. Akasema samaki walichoka na safari ya boti, kisha akamwambia mdogo wangu atie mkaa, "hata huu wa jiko unafaa." Haufai! Mkaa wa filta unatengenezwa kwa njia maalumu uwe na vitundu vingi mno vya kunasa rangi na harufu, na hata huo hauondoi amonia. Kisha akamalizia: "Njoo nitakufanyia bei nzuri ya samaki wengine." Hapo ndipo nilipochemka. Wale ni viumbe waliotolewa kwenye miamba yetu. Na kitatange wengi wanakula matumbawe hai, kwa hiyo kwenye tangi la mtu anayeanza watakufa kwa njaa hata maji yakiwa safi. Kwa nini mnamuuzia?

Alichostahili kuuziwa ni mawe na skima (chombo cha kutoa uchafu kwa povu), basi. Mawe yenye vitundu ndiyo filta yenyewe, ndiyo nyumba ya bakteria. Na tafadhali, asitokee mtu hapa kumshauri mwenziwe akavunje matumbawe baharini. Ni marufuku, na ni uharibifu. Visiwa vyetu vimekaa juu ya jiwe la matumbawe ya kale. Chukua la nchi kavu, lisiloguswa na saruji wala rangi, lisugue, lioshe, liache ndani ya maji ya chumvi yanayozunguka. Bakteria watalijaza.

Skima nayo muuzaji alisema ni ya "wazungu wenye matangi makubwa." Uongo mtupu. Skima inapuliza viputo vidogo vidogo ndani ya maji, mafuta na protini za uchafu zinaganda kwenye viputo, zinapanda juu na kumwagika kwenye kikombe kabla hazijaoza. Ni lile lile povu ambalo kusi linalitupa ufukweni Paje na Jambiani. Kwenye maji ya chumvi inafanya kazi vizuri kwa sababu viputo vinakuwa vidogo na havivunjiki upesi. Tena, skima inachanganya hewa na maji, na maji ya chumvi yenye joto yanabeba oksijeni kidogo kuliko maji matamu. Mwenye nafasi amwambie fundi wa vioo amtengenezee sampu, tangi la chini, aweke skima humo na mwani kidogo chini ya taa. Mwani unakula nitrati.

Na umeme je? Unguja ilikaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Nani hapa hajui kwamba umeme wetu unakatika? Muuzaji wa visiwa hivi anayemuuzia mtu kopo lililofungwa, bila hata kumtajia pampu ya hewa ya betri, hana huruma na mteja wala na samaki. Mawe yaliyo wazi ndani ya tangi, ukiyapulizia hewa kwa betri, yanavuka usiku mzima.

Mwenye duka, nakutaka ufanye mambo mawili. Rudisha pesa za kanista na za samaki, risiti ninazo. Na uache kumuuzia mtu tangi na samaki siku moja. Muuzie tangi na kipimo cha amonia, arudi amonia na nitriti zikiwa zimepanda kisha zimeshuka hadi sifuri.

Wengine mliouziwa hivi hivi, wekeni hapa: tangi lita ngapi, filta gani, umeme ulikatika au la. Na anayejua pa kupata skima ya tangi la lita 120, Unguja au Pemba, aseme na bei yake.