Wakuu, kama maji ya ziwa yanapasua damu, samaki anaishije humo?

Mama_Mwaloni
Mwangaluka wakuu. Naomba msaada maana nimebanwa na mtoto wa fomu two na jibu sina. Mi nauza dagaa na kayabo (sangara wa chumvi) hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, shule niliishia la saba, kwaiyo msinicheke.

Juzi shuleni kwao walifanya prakitiko ya osmosisi. Wakaleta damu ya mbuzi kutoka buchani, wakaikoroga na kijiti isigande, afu wakatia matone kwenye glasi mbili, moja ina maji ya ziwa na nyingine maji yaliyopimwa chumvi. Kijana hakuridhika, akaja kurudia jikoni kwangu na mimi nikaona kwa macho yangu. Ile ya chumvi imebaki nzito kama maji ya udongo, ukiweka gazeti nyuma ya glasi husomi kitu. Ile ya ziwa haikuchukua muda imekuwa nyekundu ang'avu kama juisi ya rozela, gazeti unasoma mpaka maandishi madogo. Anasema seli zote zimepasuka.

Sa swali lake ni hili: dagaa, sato, sangara wote wana damu na wamo kwenye maji yaleyale usiku na mchana, mbona hawapasuki? Na sisi tuliokulia Igombe tumeoga ziwani toka watoto, tunatoka vidole vimekunjamana basi. Akaniuliza "mama we mbona hukupasuka?" nikamwambia nenda kalale.

JembeLaZiwa
Rahisi tu. Seli za samaki zina ukuta mgumu kama za mimea ndo maana hazipasuki.

PCB_Sengerema
Mkuu Jembe hapo umeenda chaka. Ukuta wa seli wanao mimea, uyoga na bakteria, mnyama yeyote hana, awe sangara awe ng'ombe. Mchicha ukiulowesha unakakamaa vizuri kwa sababu maji yanaingia seli inavimba inakutana na ukuta inaishia hapo. Seli ya mnyama ina utando tu, laini.

Mama, chembe nyekundu ya damu ndani ina chumvi na protini nyingi, na maji ya ziwa chumvi yake ni kidogo mno, haifiki hata gramu moja kwa lita. Maji huwa yanapita kwenye utando kuhamia kule kwenye vitu vingi vilivyoyeyuka, hiyo ndo osmosisi, na chumvi yenyewe haiwezi kutoka kirahisi ili mambo yalingane, kwaiyo maji ndo yanaingia tu. Tena kwenye utando wa chembe nyekundu kuna vijimlango vya maji peke yake, jamaa mmoja Mmarekani anaitwa Peter Agre alivigundua kwenye hizohizo chembe za damu akapewa Nobel ya kemia 2003. Basi chembe iliyokuwa bapa kama kitumbua kilichobonyezwa katikati inakuwa duara kama mpira, utando unafika mwisho, paa.

Kwa samaki nawaachia wenye samaki wao 😅

Mpima_Damu
Mi niko maabara, hilo la gazeti nimelipenda sana, huyo kijana msimkatishe tamaa. Ilikuwa husomi kwa sababu chembe nzima zinazuia na kutawanya mwanga, zikipasuka ile rangi inamwagika kwenye maji na mwanga unapita. Hata sisi kazini sampuli ya damu ikipasuka tunaijua kwa macho kabla ya mashine. Ila mjue damu ya mbuzi ni dhaifu, chembe zake ni ndogo na zinawahi kupasuka kuliko za binadamu. Za ngamia ndo kiboko, zinavimba mara mbili na zaidi na hazipasuki, ndo maana yeye anaweza kukaa na kiu siku kibao afu akanywa maji kama pipa bila shida.

Na ndo maana dripu sio maji matupu. Ni chumvi 0.9 kwa mia, yaani gramu 9 kwa lita, au ya sukari 5 kwa mia. Ukimwekea mtu maji safi moja kwa moja kwenye mshipa, kilichotokea kwenye glasi ya jikoni kinatokea ndani ya mtu. Kijana akitaka kurudia tena, nusu lita ya maji aweke chumvi kijiko cha chai kisichojaa, hatakuwa mbali sana.

Kingine ambacho watu wa ziwani mnapaswa kukijua. Mayai ya kichocho yakiwa bado kwenye kinyesi au mkojo hayaanguliwi, chumvi ya mwilini inayabana. Yakifika kwenye maji yasiyo na chumvi kama ya ziwa, chumvi inapungua ghafla, na mwanga na joto vinasaidia, yai linafunguka na mdudu anatoka anaogelea kutafuta konokono. Sisi maabara tukitaka yasianguliwe kabla hatujayaona kwenye hadubini tunatumia maji ya chumvi. Kwaiyo maji yaleyale yanayoua damu ya mbuzi kwa yule mdudu ni kengele ya kuamka. Mnaojisaidia kwenye matete kule mialoni mnanisoma.

Kizimba_Ilemela
Ahsante kwa kuniita. Mi nafuga sato kwenye vizimba, darasani hili jambo sikulielewa, nimelielewa kwa hasara.

Mara ya kwanza kusafirisha vifaranga nilitia maji safi kabisa ya ziwa kwenye matenki, nikasema samaki ni wa ziwa maji ni ya ziwa kuna shida gani. Walivuliwa kwa fujo, wavu umewakwangua magamba na ule utelezi wote, njiani hawakuonyesha kitu ila kesho yake na keshokutwa wakaanza kuelea mmojammoja mpaka nikaacha kuhesabu. Mzee mmoja mfugaji akaniuliza, "uliweka chumvi?" Nikadhani ananitania, samaki wa maji baridi chumvi ya nini.

Akanieleza hivi. Damu ya sato ina chumvi karibu sawa na ya kwetu, na amezungukwa na maji yasiyo na chumvi, kwaiyo maji yanamwingia muda wote, hasa kwenye mashavu, maana pale ngozi ni nyembamba sana ili avute hewa. Magamba na utelezi ndo koti lake la mvua, sehemu kubwa ya mwili hapaingii. Yanayoingia mashavuni anayatoa kwa figo, anakojoa mkojo mwingi mwepesi kama maji tu, kutwa kucha, na kunywa hanywi hivihivi. Sa kwenye mkojo chumvi kidogo inapotea, basi kwenye mashavu kuna seli maalum zinaokota ile chumvi chache iliyomo ziwani zinairudisha kwenye damu, na hiyo kazi inakula nguvu, nyingine anaipata kwenye chakula. Yaani ni mtumbwi unaovuja na mtu yuko ndani anakumba maji bila kupumzika. Seli zake nazo zina utando tu kama za mbuzi wako mama, ila haziguswi na maji ya ziwa, zinaoga kwenye damu ambayo chumvi yake inalindwa.

Ukimkwangua koti umetoboa mtumbwi. Akiwa kachoka na safari hawezi kukumba, anavimba huku chumvi inamtoka. Ukitia chumvi kidogo kwenye maji ya kusafirishia, ile tofauti ya nje na ndani inapungua na anapumzika. Toka siku hiyo gari haliondoki bila chumvi.

JembeLaZiwa
Nimekubali kuchaka 🙌 Ila amiba je? Yeye ni seli moja, hana figo hana mashavu.

PCB_Sengerema
Ana kifuko ndani, kinajaa maji kinajikamua kuyatupa nje, kinajaa tena. Huyo naye anakumba.

Mama_Mwaloni
Jamani nimesoma huku machozi yananitoka kwa raha, mtumbwi unaovuja nimeuelewa kuliko mwalimu yeyote. Na mimi? Sina magamba.

Mpima_Damu
Ngozi yako juu imefunikwa na tabaka la seli zilizokufa zenye mafuta katikati, maji hayapiti kihivyo. Vidole kukunjamana watu wengi wanadhani ni osmosisi, sio. Ni neva zinabana mishipa midogo ya damu, na toka miaka ya 1930 madaktari wameona kidole kilichokatika neva hata ukikilowesha hakikunjamani. Kunywa ndo uangalie, mtu akibugia malita kwa mashindano figo zinazidiwa, chumvi ya damu inashuka na seli za ubongo zinavimba ndani ya fuvu. Hiyo inaua kweli.

Mama_Mwaloni
Sa hapo kuna kitu nimekiunganisha mwenyewe. Kayabo! Sangara tunampasua, tunampiga chumvi, tunampanga, na kesho yake chini pamejaa maji na nyama imekaza. Ni hiyohiyo ila kinyume, si ndio? Maji yamefuata chumvi nje.

PCB_Sengerema
Ndio kabisa mama. Na bakteria wa kuozesha nao wananyonywa maji hivyohivyo, ndo maana hainuki.

Mama_Mwaloni
Hainuki ukiitunza. Masika ikipigwa na unyevu inatoa jasho, chumvi inavuta maji ya hewani, na mteja wa Kongo anaibonyeza na dole gumba tu anakwambia mama hii urudishe juani. Hiyo hamkufundishwa.

Kizimba_Ilemela
😂 Hatukufundishwa. Kilo inaendaje sa hivi?

Mama_Mwaloni
Njoo Mwaloni, huku sitaji bei.