Kikundi cha Familia: Vinyama katika Pua ya Mjukuu

Mama Mtoto: Shikamoo mama, na habari zenu nyote. Tumerudi kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mafua ya mwanetu, ambayo yamepita miezi 3 bila kukauka, yanatokana na uvimbe sugu wa sainasi, yaani vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso kuzunguka pua, na kamera nyembamba ilipoingizwa puani ilionyesha vinyama pande zote mbili. Niliviona kwenye skrini: vina rangi ya kijivu na vinang'aa kama zabibu iliyomenywa.

Bibi: Marahaba mwanangu, poleni sana. Je, visikatwe mara moja ili mtoto apumzike? Akilala kwangu huhema kwa mdomo usiku kucha, na kunapokucha midomo yake imekauka hadi kupasuka.

Shangazi: Shikamoo mama. Kukata kwa kawaida si hatua ya kwanza, kwa sababu vinyama hivi ni utando wa ndani ya pua na sainasi uliovimba muda mrefu, ukajaa majimaji na kuning'inia. Uvimbe wenyewe usipotulizwa, huweza kuota tena. Kinachonishughulisha zaidi ni umri wake. Kwa watu wazima huonekana mara nyingi, lakini kwa mtoto wa miaka 8 ni nadra, na ni lazima tuulize chanzo. Wifi, umeandikiwa kipimo cha jasho?

Mama Mtoto: Nimeandikiwa, wifi, ila sikuelewa jasho linahusianaje na pua.

Shangazi: Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao saistiki faibrosisi, ambao hufanya kamasi na makohozi kuwa mazito mno, na jasho la mwenye nao huwa na chumvi kupita kiasi. Wakati mwingine vinyama vya pua huwa miongoni mwa dalili zake za kwanza. Ngozi ya mkono huchochewa kutoa jasho, likakusanywa kwa takriban nusu saa bila sindano, kisha hupimwa kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi: chini ya milimoli 30 kwa lita ugonjwa huo huwa hauelekei kuwepo, na kuanzia 60 huelekea kuwepo. Kuandikiwa kipimo hakumaanishi kwamba anao.

Baba Mdogo: Shemeji, pole. Mwanangu pua yake iliziba upande mmoja, ikatoa usaha wenye harufu, kumbe aliingiza kipande cha sponji.

Shangazi: Upande mmoja ni habari nyingine, kaka: huweza kuwa kitu kilichoingizwa, au kinyama kinachoota katika sainasi ya shavu na kuning'inia hadi nyuma ya koo, ambacho hicho ndicho huondolewa kwa upasuaji.

Mama Mtoto: Tumepewa dawa ya steroidi ya kupulizia puani ili kutuliza uvimbe, na maji ya chumvi ya kuoshea pua, lakini ananigeuzia kichwa.

Shangazi: Oshea kwanza, na maji yawe yamechemshwa yakapoa. Kisha ainamishe kichwa mbele kidogo, upulize tundu la kulia kwa mkono wa kushoto na la kushoto kwa mkono wa kulia, ncha ikielekea upande wa sikio wala si ukuta wa katikati, ambao ukipigwa kila siku hutoka damu. Usitarajie nafuu kesho, hesabu wiki. Jicho likivimba, akaona vitu viwili viwili au akaumwa kichwa vikali pamoja na homa, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Bibi: Kipimo ni lini?

Mama Mtoto: Jumatano saa 3 asubuhi, mama. Leo amekubali kuoshwa tundu moja; la pili ameniahidi baada ya kuoga.