Kijana wetu wa tenisi: tumchangie akacheze kulipwa, au aende chuo kwanza?

Mleta mada

Wagosi na wakuu wote wa Tanga, salaam. Hapa Chumbageni kuna daftari la michango linazunguka. Kijana wa miaka 18, yule anayepiga mpira ukutani alfajiri mpaka majirani wanalalamika, anataka kuanza mashindano ya kulipwa ya tenisi. Wazee wa kamati wanasema tumkatie tiketi, na barua iende halmashauri. Mimi napinga, na heri tubishane hapa hadharani kuliko kunong'onezana misibani.

Watu wakisikia tenisi wanaiona Wimbledon, yale mashindano makubwa ya Uingereza. Ni kweli, pale mwaka 2025 aliyetolewa raundi ya kwanza aliondoka na pauni 66,000. Lakini kijana wetu haanzii pale. Anaanzia chini kabisa, kwenye mashindano yanayoitwa M15, kwa kuwa zawadi ya wiki nzima, kwa wachezaji wote, ni dola 15,000. Bingwa wa mchezaji mmoja mmoja anapata dola 2,160. Anayefungwa mechi ya kwanza anapata dola 156, yaani kama laki nne, na kodi bado haijakatwa. Na hiyo ni akifanikiwa kuingia raundi ya kwanza. Asiye na pointi za orodha ya ubora ya dunia anapitia mchujo, na mchujo wa ngazi hiyo haulipi.

Sasa toa nauli ya kwenda Monastir kule Tunisia, ambako haya mashindano huchezwa wiki baada ya wiki. Toa chumba, chakula, kufungisha nyuzi za raketi. Shirikisho la tenisi la dunia, ITF, lilipiga hesabu za mwaka 2013: mchezaji wa kiume alitumia wastani wa dola 38,800 kwa mwaka, bila kumlipa kocha. Ili mapato yafikie gharama ilibidi awe wa 336 duniani. Kwa wanawake, wa 253. Na hizo bei ni za zamani.

Mwaka wa kwanza tutachanga kwa vigelegele. Wa pili tutachanga kwa kusukumwa. Wa tatu daftari halitapita, na kijana atakuwa na miaka 21, yuko ugenini, hana pointi wala cheti. Huo mwaka wa tatu ndio naomba wanaokubali waujibu.

Mgosi wa Makorora

Hesabu zako nzuri, ila ni za mwoga. Bondia Hassan Mwakinyo ni wa Tanga hii hii. Septemba 2018 alikwenda Birmingham kupigana na Sam Eggington mbele ya Waingereza wenzake, akammaliza raundi ya pili. Mngekaa na kalkuleta angeenda?

Mleta mada

Mgosi, ngumi zina promota. Anayekuita ukapigane kwao anakutumia tiketi na kukulipa hata ukipigwa. Kwenye tenisi ya chini unajikatia tiketi mwenyewe kwenda kupigwa.

Binti wa Raskazone

Mbona mnasahau waliotoboa? Sumit Nagal wa India, Septemba 2023, alisema benki amebakiwa na euro 900. Januari iliyofuata akamtoa Alexander Bublik kwenye Australian Open, akajihakikishia dola 180,000 za Australia. Marco Trungelliti wa Argentina, 2018, alishatolewa kwenye mchujo wa French Open akarudi Barcelona. Akasikia kuna nafasi ya aliyejitoa. Akampakia bibi yake, mama yake na mdogo wake kwenye gari la kukodi, mwendo wa saa kumi hivi mpaka Paris, kesho yake akamfunga Bernard Tomic. Euro 79,000! Tenisi inalipa siku moja tu, lakini lazima uwepo.

Mleta mada

Dada yangu, visa vitamu, lakini angalia walipokuwa wamesimama. Wote wawili walikuwa ndani ya 200 bora duniani. Hata ule mpango wa ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, ulioanza 2024, wa kumhakikishia mchezaji kipato, unaishia nafasi ya 250: mwaka huo wa kuanza, wa 176 mpaka 250 walihakikishiwa dola 75,000. Wa 400 hana chochote, na kijana wetu hayumo hata kwenye orodha.

Mzee wa Mkwakwani

Kuna jambo mnalipita. Hizo mechi za dola 156 zimo kwenye mikeka ya kubeti. Mtu amelala njaa, anafuatwa na mgeni mwenye simu anamwambia apoteze seti moja tu kwa dola elfu mbili. Ni zaidi ya atakachopata akishinda! Huyo huyo Trungelliti alifuatwa, akaripoti, na baadhi ya wenzake wakamwona mbea. Ukikamatwa, chombo cha kulinda uadilifu wa tenisi kinaweza kukufungia maisha. Mkimpeleka mtoto kule mfukoni hana kitu, mjue mnampeleka kwa nani.

Mtumishi wa zamani

Kuhusu halmashauri msipoteze karatasi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ni mikopo ya vikundi: wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Kikundi kilete mradi unaorejesha. Raketi hairejeshi.

Mama Ngamiani

Nashangaa mmezunguka kote huko na jirani yetu hamjamtaja. Angella Okutoyi wa Kenya alitwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wa wawili wawili mwaka 2022. Ubingwa wa Wimbledon, jamani, na bado alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Huko timu ya chuo ndiyo yenye kocha, uwanja na nauli, na msichana anatoka na shahada. Kevin Anderson wa Afrika Kusini alipitia Chuo Kikuu cha Illinois, akaja kucheza fainali ya US Open 2017 na ya Wimbledon 2018. Chuo hakikumchelewesha.

Mgosi wa Makorora

Mama, shikamoo. Lakini makocha wa vyuo hawachukui mtu kwa sifa za majirani. Wanataka matokeo yaliyorekodiwa, na hapa Tanga atayapata wapi? Kwa hiyo hata njia yako inaanza na nauli.

Mama Ngamiani

Marahaba. Nauli ya basi la Horohoro kwenda Mombasa na Nairobi nachanga hata leo. Ya ndege kwenda Tunisia, hapana.

Mleta mada

Hiyo ya basi na mimi nasaini. Ila daftari liandikwe upya, liseme wazi fedha ni za mwaka mmoja na za nini, maana jana nimeona mtu ameandika "tiketi ya Ulaya".

Mama mdogo wa kijana

Nimesoma yote. Matokeo yake ya shule ni division three, Kiingereza C. Video ya mechi nitampiga kwa simu yangu, anayejua kocha wa chuo chochote anitumie ujumbe pembeni. Raketi anazo mbili, moja imepasuka shingoni. Kamati ikikaa Jumamosi baada ya alasiri muiteni na yeye, kwa kuwa mpaka sasa hakuna aliyemuuliza kama chuo anakitaka.