Nimemaliza deni la simu, lakini bado imefungwa: simu hii ni ya nani?

Mleta mada: Mshonaji wa Mbagala

Wanajamvi, habari za jioni. Naomba mnisaidie kwa hoja na kwa uzoefu, maana jambo hili limenikaa kichwani wiki nzima.

Mwaka jana nilichukua simu janja kwa mkopo wa malipo ya kila siku. Nilitanguliza shilingi 60,000, kisha nikalipa shilingi 1,500 kila siku kwa siku 365, jumla shilingi 607,500, wakati simu ya aina hiyohiyo iliuzwa Kariakoo kwa shilingi 380,000 taslimu. Hilo silalamikii, kwa sababu hesabu niliipiga mwenyewe na kusaini nikiwa na akili zangu timamu. Siku niliyokosa kulipa, simu ilijifunga usiku wa manane, kioo kikabaki na picha ya kufuli, namba ya kampuni na sehemu ya kulipia. Nikilipa, ilifunguka. Ndivyo tulivyokubaliana.

Kilichonileta hapa ni kilichotokea baada ya deni kwisha. Nilitumiwa ujumbe wa pongezi kwamba nimekamilisha malipo. Siku ya kumi na tisa baada ya pongezi hizo, Ijumaa asubuhi, simu ilijifunga tena. Ndani yake kulikuwa na picha za vipimo vya akina mama 14 niliokuwa nawashonea sare za sendoff ya Jumapili. Vitenge vimelala mezani, mkasi upo, cherehani imetiwa mafuta, lakini vipimo vimo ndani ya kioo kilichofungwa. Nilipiga huduma kwa wateja kwa simu ya jirani, nikajibiwa kwamba malipo yangu ya mwisho "mfumo haujayasoma", hivyo nisubiri Jumatatu. Nikatundika futi shingoni na kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwapima upya, wawili kati yao wakiwa Chanika. Simu ilifunguliwa Jumatatu alasiri, bila samahani wala maelezo.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, mtu akishamaliza deni, kampuni inabaki na haki gani juu ya simu yake, na kufuli hilo linaondolewaje moja kwa moja? Pili, je, ningenunua kwa taslimu, ningekuwa nimeepukana na haya yote?

Fundi wa Aggrey

Dada, pole sana. Nitajibu lile la kufuli, kwa sababu simu za namna hiyo hupita mezani kwangu karibu kila siku.

Watu hudhani kufuli ni programu kama programu nyingine, ambayo mtu akiipata ilipojificha ataifuta. Sivyo. Kabla simu haijatoka dukani, namba yake ya IMEI, ile unayoiona ukibonyeza *#06#, huandikishwa kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya mtandaoni, kwamba simu hii iko chini ya kampuni fulani. Simu ikiwashwa mara ya kwanza na kupata intaneti, huiuliza seva, nayo seva huiteremshia programu inayokaa ndani kwa cheo cha msimamizi wa kifaa. Msimamizi huyo ana mamlaka kuliko wewe uliyeishika simu. Ndiyo maana hata ukiirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, itauliza seva upya na kufuli litarudi mara tu ukiunganisha data.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kuondoa, na mara nyingi kampuni huondoa moja. Hufuta deni kwenye daftari lao, lakini IMEI husahauliwa kwenye orodha ya seva. Simu inafanya kazi siku au miezi kadhaa, halafu siku moja mfumo unapitia orodha, unaiona simu isiyolipiwa chochote leo, unaifunga. Sijaona mfumo wa kampuni yako kwa ndani, lakini simulizi yako inafanana kabisa na nilizowahi kuletewa.

Fanya hivi. Waombe barua au ujumbe wa maandishi unaotaja namba yako ya IMEI na kusema kwamba imeondolewa kwenye usimamizi, kwa kuwa ile pongezi ya kumaliza malipo haikusaidii. Kisha hamisha picha na namba zako, ingia kwenye mipangilio ya usalama uangalie programu za msimamizi wa kifaa, na mwisho irudishe simu kama ilivyotoka kiwandani na uiunganishe na intaneti. Ikiwaka bila kukuambia kwamba kifaa kinasimamiwa na taasisi fulani, umekuwa huru. Ikikuambia hivyo, warudie na picha ya kioo hicho mkononi.

Wapo mafundi watakaokuambia leta elfu thelathini tuiflash, yaani tuipakie mfumo upya. Wakati mwingine inakubali, wakati mwingine simu inakufa kabisa, na hata ikikubali, programu za benki zinaweza kukataa kufunguka kwa sababu zinaona simu imechezewa. Mimi simu yenye deni siigusi, lakini simu iliyolipiwa yote ikiwa bado imefungwa na mwenyewe ana risiti, hapo sina kigugumizi.

Wakala wa zamani

Nimefanya kazi ya kuuza simu hizi kwa mkopo kwa miaka miwili, na naona ni haki upande wa pili usemewe pia, maana kwenye mada kama hizi kampuni hugeuzwa shetani haraka sana.

Dada, ukienda benki kuomba mkopo wa laki nne utaulizwa hati ya mshahara, mdhamini au hati ya kiwanja. Mama ntilie hana hayo, bodaboda hana hayo, na kwa hakika fundi cherehani wengi hawana hayo. Kufuli ndilo dhamana. Likiondolewa, mkopo wenyewe unaondoka, na watu wa kipato cha siku kwa siku watarudi kwenye simu za batani. Nimeona kijana wa bodaboda akipata simu janja kwa njia hiyo na ndani ya mwezi akawa anapokea abiria kwa programu, jambo ambalo asingelifanya kwa kusubiri akusanye fedha taslimu.

Nikubali hata hivyo lililo kweli. Mkataba tuliutoa kwa Kiingereza, kwenye kioo kidogo, na mteja alibonyeza kukubali huku mimi namsukuma kwa sababu nyuma yake kulikuwa na foleni, na mimi nilikuwa nalipwa kwa idadi ya simu. Hakuna hata mteja mmoja aliyewahi kuniuliza siku ya mwisho itakuwaje, nami katika mafunzo yangu sikufundishwa jibu lake.

Wakili mstaafu, Nairobi

Mheshimiwa mleta mada, mimi niko Kenya, kwa hiyo sheria nitakazozitaja si zenu zote, ila msingi wake utakufaa.

Jibu la swali lako la kwanza ni fupi: ukishalipa bei yote, simu ni yako, na anayeifunga baada ya hapo hana tofauti na mtu aliyekuuzia nyumba akabaki na ufunguo. Kwamba mfumo haujasoma malipo ni tatizo la mwenye mfumo. Risiti zako za malipo kwa simu ndizo ushahidi, basi usizifute.

Lakini ningependa nirudi nyuma kidogo, kwenye kipindi ambacho ndugu wakala anakitetea, kwa sababu hapo ndipo pana jambo ambalo wengi hawalioni. Kenya ina sheria ya mwaka 1968, Sura ya 507, inayohusu bidhaa zinazouzwa kwa malipo ya awamu huku umiliki ukibaki kwa muuzaji hadi awamu ya mwisho. Zamani ilihusu cherehani, redio, baiskeli, magari. Sheria hiyo inasema kwamba mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, muuzaji hawezi kujichukulia bidhaa tu. Sharti aende mahakamani. Waliotunga walijua ilivyokuwa: mtu amelipa cherehani miezi kumi, akakosa mwezi mmoja, vijana wakaja na mkokoteni wakaibeba, na fedha zake zote zikapotea.

Sasa tazama kufuli la simu. Hakuna mkokoteni, hakuna kijana mlangoni, simu yenyewe iko mfukoni mwako, na kwa hiyo kampuni itasema haijachukua chochote. Ila wewe uliyelipa siku 300 kati ya 365 umenyang'anywa matumizi yote ya bidhaa usiku wa manane, bila hakimu, na pengine bila binadamu yeyote kuamua. Kwangu mimi huko ni kutwaa mali, kwa jina lolote utakaloliita. Kampuni nyingi huandika mikataba yao kama mkopo wa kawaida au leseni ili wasiguswe na sheria za aina hiyo, na hilo ndilo ningetaka mabunge yetu yaliangalie. Ndugu wakala, dhamana ni halali. Dhamana isiyosikiliza utetezi ndiyo tatizo. Hata siku saba za onyo na njia ya kufungua simu kwa dharura zingebadilisha mambo.

Kuhusu swali lako la pili, sitakudanganya kwamba taslimu inatosha. Mwaka 2014 kampuni ya Nest, iliyokuwa mali ya Google, iliinunua kampuni ya Revolv iliyokuwa ikiuza kifaa cha takriban dola 300 cha kuendeshea taa na vitasa vya nyumba. Mwezi Mei 2016 seva zake zikazimwa, na vifaa ambavyo watu walikuwa wamevilipia senti ya mwisho havikufaa tena kitu. Desemba 2017 Apple nayo ilikiri kwamba sasisho la programu lilipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri iliyochakaa, ikieleza kuwa ilikuwa inazuia simu zisizimike ghafla. Huenda sababu ilikuwa ya kweli. Wenye simu hawakuelezwa, basi aliyeona simu inajikokota angeweza kwenda kununua mpya ilhali betri mpya ingemtosha. Kampuni ilishusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 Ufaransa ikaitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja.

Hao wote walinunua taslimu.

Fundi wa Aggrey

Mzee wakili amenikumbusha. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia hapa Tanzania, nilipokea watu waliokuwa wamelipa taslimu, wana risiti, na baadhi ya maduka yaliyowauzia hayaonekani tena. Kenya nadhani mlitutangulia mwaka 2012. Zile zilizimwa kwenye mtandao kwa kutumia IMEI hiyohiyo. Sisemi serikali ilikosea, kwa sababu baadhi ya zile simu zilikuwa takataka kweli, ninachosema ni kwamba ile namba imekuwa mkia ambao kila mtu anaweza kuushika isipokuwa mwenye simu.

Mwalimu Mtwara

Niongeze moja tu. Kama ile programu bado imo ndani ya simu baada ya deni kwisha, dada ana haki pia ya kuuliza inakusanya nini. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo tume yake. Andika barua kwa Kiswahili, taja IMEI, uliza ni taarifa zako zipi walizonazo na kwa sababu gani bado wanazo. Nimeona kwamba barua yenye jina la sheria hujibiwa na mtu tofauti na yule anayepokea simu.

Mleta mada: Mshonaji wa Mbagala

Nawashukuru wote, na wewe wakala pia, kwa sababu ni kweli bila kufuli nisingepewa simu.

Nimefuata maelekezo ya kaka fundi. Niliandika barua kwa Kiswahili, nikataja IMEI na ile sheria aliyoitaja mwalimu, nikaipeleka ofisini kwao mwenyewe na kuomba wagonge muhuri kwenye nakala yangu. Dada wa mapokezi alisita, akaingia ndani, akarudi na muhuri. Siku ya nne nikapokea ujumbe. Nikahamisha picha, nikairudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, nikawasha data huku nimeshika pumzi. Imewaka safi.

Ujumbe wenyewe ni wa mstari mmoja, una namba yangu ya IMEI, halafu unasema: "Kifaa kimeachiliwa." Nimemsomea mume wangu, akauliza kilikuwa na kesi gani.