Familia ya Bibi, Bombo 🌙

Shangazi Zaituni, 07:12
Asalamu alaikum. Idi ni kwa Bibi kama kawaida. Mchango elfu 30 kila nyumba, mwisho leo. La pili, someni mpaka chini: Salma ana miaka 10. Mwaka huu asiitwe Tenki, asiitwe Bonge, asipimwe.

Twaha, 07:15
Pilau anapika nani? Ya mwaka jana tulitafuna mawe 😂

Shangazi Zaituni, 07:16
Twaha, naongea habari ya mtoto.

Mjomba Juma, 08:40
Utani wa mjomba umekuwa kosa tangu lini?

Hadija Mama Salma, 08:52
Kaka, ulimpandisha kwenye mizani ya kahawa, watoto wote wanatazama, ukasoma kilo kwa sauti. Tangu siku ile havui sweta. Jua kali, yeye anaivuta tu ifunike tumbo. Juzi nimekuta karatasi za biskuti chini ya godoro.

Mjomba Juma, 08:55
Basi mpunguzie chapati.

Ramadhani Jinja, 13:40
Samahani, nilikuwa zamu. Mjomba, kwa heshima: chapati tunakula wote, mbona Twaha ni mwembamba? Mwili unafuata damu ya ukoo pia, na usingizi, hata dawa nyingine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilihesabu watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wapatao milioni 160 wenye unene wa kupindukia. Wote hao ni walafi? Mtoto akichekwa anakula kwa kujificha, mpira anaacha, kilo zinapanda. Hapa kazini tunampimia pembeni, hatutangazi.

Twaha, 13:42
Mimi ni minyoo 😂

Mjomba Juma, 14:03
Mizani mnaikumbuka. Ng'ombe wa Luwero hamumkumbuki.

Shangazi Zaituni, 14:04
Ya ng'ombe yasije hapa!

Mama Twaha, 17:30
Nimetuma 15. Iliyobaki Jumamosi.

Shangazi Zaituni, 19:20
Bibi ametuma sauti, nawaandikia: "Juma. Ulikuwa mtoto mzito, majirani wakasema nimezaa gunia. Sikumruhusu mtu akuite hivyo mbele yangu, hata baba yako. Salma atakula sinia moja na mimi. Mizani irudi stoo."

Mjomba Juma, 21:55
Nimesikia, mama.

Hadija Mama Salma, 22:01
Shikamoo mama, asante. Ila Salma bado anasema haji.

Shangazi Zaituni, 22:02
Juma, mpigie mtoto mwenyewe. Leo.

Mjomba Juma, 22:10
Amelala saa hizi. Kesho.

Hadija Mama Salma, 22:11
Hajalala. Anauliza kama atakubaliwa kuja na sweta.

Shangazi Zaituni, 22:15
Aje nayo. Juma??
Na nyumba 4 bado hazijatuma.