Mrejesho: laptop yangu imeanza kutoa sauti tena

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa ambaye hakuona: laptop ilijisasisha usiku, asubuhi alama ya spika ikawa na kiekisi chekundu na ujumbe kwamba hakuna kifaa cha sauti. Fundi wa kwanza alitaka 60,000 abadilishe spika. Asanteni sana mlionizuia.

Aliyenishauri niwashe mashine kwa flashi yenye Linux (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta) ameniokoa. Nikawasha, nikafungua wimbo, sauti ikatoka safi kabisa. Hapo nikajua spika ni nzima, mgonjwa ni draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kutumia kifaa cha sauti.

Kurudisha draiva ya zamani kulishindikana. Kitufe kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki, kwa sababu toleo la awali halikuwa limehifadhiwa. Basi nikaingia kwenye orodha ya vifaa, nikachagua kusasisha draiva ya sauti, ila badala ya kuiacha itafute mtandaoni nikaichagua mwenyewe kutoka zile zilizomo ndani ya mashine. Nikachukua ile ya jumla iitwayo High Definition Audio Device, nikazima na kuwasha.

Mlio wa kwanza uliposikika, mwanangu alikuja mbio kutoka chumbani. Siku nne alikuwa hasikilizi masomo yake ya video.

Besi imepungua kidogo, sitaficha, lakini sauti inatosha. Masasisho nimeyasimamisha kwa wiki 2, nikisubiri toleo lililorekebishwa. Likitoka nitalijaribu na kuwaambia.