Taa za mtini zimete kama za bustani za burudani: tatizo liko wapi?

Mwezi_Mchanga:

Wakuu, naombeni msaada. Lengo ni mti wa nje ya nyumba umete usiku kama ile miti ya kwenye bustani kubwa za burudani. Ukiutazama, mti mzima umetulia kwa mwanga wa dhahabu, halafu humo ndani cheche ndogo ndogo zinachomoza hapa na pale, na hujui itakayofuata itatokea wapi.

Kilichopo sasa ni nyuzi tatu za LED nyeupe yenye joto, yaani yenye umanjano, kila uzi taa 100 na kidhibiti chake cha kubonyeza chenye mitindo 8. Mitindo yote imejaribiwa. Ya kuwaka na kuzima inaufanya mti uonekane kama gari la dharura, na ule wa kufifia polepole unaufanya mti mzima upumue kwa pamoja. Hakuna unaotoa zile cheche.

Shina lina mzingo wa sentimita 60, na kutoka chini hadi kwenye panda ni mita 2. Juu yake kuna matawi manne mazito. Je, nyuzi hizi zinafaa au zitupwe? Zinahitajika taa ngapi, na cheche zenyewe zinatengenezwaje?

FundiVolti:

Usitupe kitu, mkuu. Nyuzi hizo ni nusu ya kazi, ila zilitumwa kazi isiyo yake. Uzi wa mitindo 8 umegawanywa makundi mawili, wakati mwingine manne, na kidhibiti huwasha au kuzima kundi zima kwa mpigo. Taa 50 zikiwaka pamoja, jicho linaziona kama kitu kimoja kikubwa. Cheche ni taa moja, peke yake, kwa wakati wake.

La pili ndilo wengi hawalioni: kinachoifanya cheche ing'ae ni utulivu wa taa zinazoizunguka. Mti ambao kila taa inameta hauonekani kumeta, unaonekana kutetemeka. Weka taa moja ya cheche kwa kila taa tano hadi kumi zilizotulia. Kwa hiyo taa zako 300 ziache ziwake moja kwa moja, kisha ongeza pikseli 50, yaani taa zinazoamriwa moja moja, za WS2811 za volti 5, zile zenye umbo la risasi zilizofunikwa kwa mpira, kila moja na chipu yake ndani. Hizo 50 zikae giza muda wote na zitoe cheche tu.

Angalia nafasi kati ya pikseli kabla ya kununua. Zenye kuachana sentimita 10 zitaisha ndani ya mita 5 na cheche zote zitarundikana sehemu moja. Tafuta zenye kuachana sentimita 30, au ukate na kurefusha waya mwenyewe. Hapo unapata mita 15, zinazotosha shina na matawi yote manne.

Sasa muda, maana hapa ndipo uzuri ulipo. Cheche ni fupi mno: inapanda ghafla hadi mwisho, inashuka ndani ya takriban milisekunde 100, basi. Ukiinyoosha hadi nusu sekunde inakuwa taa inayowaka na kuzima. Kila pikseli itoe cheche kwa wastani mara moja kila sekunde 6. Kwa pikseli 50 hiyo ni cheche 8 hivi kwa sekunde kwenye mti mzima, na hazitabiriki.

Neno "wastani" lina uzito wake. Ukiipa kila pikseli saa yake ya sekunde 6 kamili, baada ya dakika moja jicho litakuwa limeshika mpangilio wote. Badala yake fanya bahati nasibu: kila milisekunde 20 programu ipite kwenye kila pikseli na kuipa nafasi 1 kati ya 300. Mara 300 za milisekunde 20 ni sekunde 6, wastani uleule, lakini pikseli moja inaweza kutoa cheche mbili karibu karibu kisha ikanyamaza sekunde 15. Ikibahatika, ipe mwangaza 255, ambao ndio wa juu kabisa kwenye kipimo cha 0 hadi 255, na kila mzunguko unaofuata zidisha kwa 0.6: 255, 153, 92, 55, 33, 20, kisha zima.

Rangi ya cheche iwe nyeupe baridi, yaani 255, 255, 255 (nyekundu, kijani, buluu) kama ilivyo. Nyeupe hiyo ina ubuluu kidogo, na ndiyo inayoitenga cheche na dhahabu iliyo nyuma yake. Cheche yenye rangi sawa na taa zilizotulia inamezwa.

Waya_Mbili:

Niongezee upande wa umeme, maana ndiko kazi hii huharibikia.

Unahitaji bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo itakayoendesha programu), adapta ya volti 5 ampea 4, fyuzi ya ampea 5 kwenye waya chanya unaokwenda mtini, rezista ya omu 330 hadi 470 kwenye waya wa data karibu na pikseli ya kwanza, na kapasita ya mikrofaradi 1000 kati ya chanya na hasi pale umeme unapoingia kwenye uzi. Kapasita ina upande, usiigeuze.

Kosa la kwanza: pikseli ya kwanza inachezacheza rangi zisizoeleweka, au uzi wote unawaka ovyo. ESP32 inatoa data ya volti 3.3, wakati chipu ya pikseli inayolishwa volti 5 inasubiri takriban volti 3.5 ndipo ihesabu kuwa ni 1 na siyo 0. Pengo ni dogo, kwa hiyo juu ya meza mambo yote huwa salama, ila ukishaweka waya wa mita 3 hadi mtini yanaharibika. Dawa ni chipu ya 74AHCT125, inayopokea 3.3 na kutoa 5. Iweke karibu na ESP32, siyo mtini.

Kosa la pili: hasi ya adapta na hasi ya ESP32 hazikuunganishwa. Data bila hasi ya pamoja ni kelele tupu. Kosa la tatu: kuingilia uzi upande usio wake. Kila pikseli ina DI (data inapoingia) na DO (inapotokea), na data huenda kutoka DI kuelekea DO tu. Ukigeuza, hakuna kitakachoungua, lakini hakuna kitakachowaka.

Hesabu ya mkondo: pikseli moja ikiwaka nyeupe kamili hula hadi miliampea 60, kwa hiyo 50 zikiwaka zote kwa pamoja ni ampea 3. Kwa cheche halisi hazifiki hata robo ya hapo, ila programu ikikwama zote zikiwa zimewaka, adapta na fyuzi lazima vistahimili. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 unatosha kama adapta iko mita 3 hivi kutoka mtini. Ikiwa iko mita 10, tumia wa 1.5.

Kama hutaki kuandika programu, pakia WLED, programu iliyo tayari ya kuongoza pikseli, kwenye ESP32. Ni bure, unaiongoza kwa simu, na ndani yake unaweza kuweka kikomo cha mkondo. Mtindo wa Twinklefox umetengenezwa vizuri sana kwa mmeto wa polepole. Ule wa Sparkle unawasha pikseli moja baada ya nyingine kwa mapigo yaliyo sawa, na baada ya muda jicho linayatambua mapigo hayo. Kwa cheche za aina aliyoeleza FundiVolti, mistari michache ya programu yako mwenyewe kwa FastLED, maktaba ya kuandikia programu za LED, itakupa matokeo bora.

Mwezi_Mchanga:

Asanteni sana. Mawili yamebaki. Kwa nini zisiwe pikseli zote 350, tuachane na nyuzi za kawaida? Na shinani zinazungushwaje ili zisionekane kama kamba iliyofunga mzigo?

FundiVolti:

Inawezekana, na ukiweza gharama utapata uhuru wa kubadilisha kila kitu. Ila ujue unachoingia. Pikseli 350 kwa nyeupe kamili ni ampea 21. Kwa rangi ya dhahabu, tuseme 255, 180, 95, ukishusha mwangaza hadi asilimia 35, inashuka hadi ampea 5 hivi, kwa hiyo adapta ya ampea 10 inafanya kazi bila kuchoka. Lakini umeme wa volti 5 hauendi mbali. Itakubidi uingize chanya na hasi upya kila baada ya pikseli 50 hivi, kila ingizo na fyuzi yake. Usipofanya hivyo, mwisho wa uzi utageuka rangi ya chungwa kisha nyekundu. Volti zinapopungua, LED ya buluu na ya kijani, zinazohitaji kama volti 3, hufa nguvu mapema, na nyekundu inayohitaji kama 2 hubaki inawaka.

Pia dhahabu inayochanganywa kwa nyekundu, kijani na buluu haiwi laini kama ya LED nyeupe yenye joto. Majani ya kijani chini yake huonekana yamefubaa. Ukitaka pikseli pekee, chukua aina ya SK6812 zenye LED ya nne, nyeupe yenye joto.

Na kama utataka taa zilizotulia nazo zipumue kidogo, zisishuke hadi sifuri. Kutoka 3 kwenda 2 mwangaza unapungua kwa theluthi moja, kutoka 2 kwenda 1 kwa nusu, na jicho linaiona kila ngazi. Ishia 20. Zikififia, punguza buluu kwanza, kisha kijani, ili taa iwe nyekundu zaidi kadiri inavyozama. Hivyo ndivyo waya wa balbu ya zamani unavyopoa, na ndiyo sababu mmeto wake unapendeza.

Shina_na_Tawi:

Kuhusu shina. Mizunguko iachane sentimita 7 hadi 8. Mita 2 ukigawa kwa sentimita 7.5 ni mizunguko 27, mara mzingo wa sentimita 60, unapata mita 16. Ikiwa taa zimeachana sentimita 10, shina linakula taa 160 na zinabaki 140 za matawi. Yaani nyuzi zako tatu zinatosha, lakini kwa shida. Ukiona matawi yamepwaya, ongeza uzi wa nne.

Anza chini, panda, na pima kwa upana wa vidole vinne kati ya mzunguko na mzunguko. Mti ukikonda juu, usibane mizunguko. Tunza nafasi ileile. Kwenye tawi, nenda na uzi hadi ncha kisha urudi nao kwa kuuzungusha upande wa pili, usiuache ncha. Tawi linaloishia gizani ghafla linaonekana limekatwa.

Uzi wa pikseli upandishwe mwisho, juu ya nyuzi za kawaida, mizunguko 8 tu shinani, ikiachana sentimita 25. Inachukua mita 5, na mita 10 zilizobaki zigawe kwa matawi. Geuza vichwa vya pikseli pande mbalimbali, vingine vitazame juu, vingine chini. Zikitazama zote upande mmoja, anayepita upande wa pili haoni kitu.

Usitumie misumari wala stepla. Usikaze kamba za plastiki hadi mwisho, maana shina hunenepa na waya utazama kwenye gome. Tumia tepe laini za kufungia mimea na ulegeze angalau mara moja kwa mwaka.

Waya_Mbili:

Kwa kuwa ni nje: vifaa viwe IP65 (kiwango cha kuzuia vumbi na maji) au zaidi, boksi la adapta liwe na tundu la waya chini, siyo juu. Kabla waya haujaingia kwenye boksi au kwenye kiungio, uache uning'inie chini kidogo ndipo upande, ili maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Nyuzi za kawaida zinazochomekwa kwenye umeme mkuu zipite kwenye swichi ya usalama ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja.

Na usije ukakata vile vidhibiti vya mitindo 8 ili kuunga waya moja kwa moja. Ndani yake mna sehemu zinazougeuza umeme ufae LED. Bonyeza tu hadi mtindo wa kuwaka bila kuzima. Vingi husahau umeme ukikatika na kurudi kwenye mtindo wa kwanza, kwa hiyo ukinunua uzi wa nne chagua wenye kumbukumbu, au usio na kidhibiti kabisa.

Kumeta_Bila_Kodi:

Kwa wasiotaka programu wala ESP32, kuna LED zenye saa ndogo ndani, zinazomweka zenyewe zikipewa umeme tu. Chagua uzi ulioandikwa kuwa baadhi tu ya taa ndizo zinazometa. Ukiuwasha, dakika ya kwanza zinaweza kuonekana zikimweka pamoja, usiurudishe dukani. Saa hizo hazilingani sawasawa, zitaachana zenyewe. Hasara yake ni kwamba kila taa inabaki na mwendo wake usiobadilika, na huwezi kuifanya cheche iwe fupi zaidi.

Balbu za zamani za waya zenye kipande cha metali mbili zinazopinda kwa joto nazo zinafanya kazi, lakini kuna aina mbili. Moja ikipinda inakata uzi mzima, nyingine inajizima yenyewe tu na taa zilizobaki zinaendelea. Unayoitaka ni hiyo ya pili. Usiku wa baridi na upepo mwendo wake hubadilika, kwa hiyo usiuhukumu kabla haujapata moto dakika chache.